Mipangilio ya Baba

Chumba cha juu ya duka,
Jumapili, adhuhuri.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

U hali gani huko uliko? Na wifi, kile kikohozi kimemwachia? Watoto bado wanamkumbuka shangazi yao, au nimeshakuwa picha ya ukutani? Najua ulivyoumia kwa kutofika kwenye maziko ya Baba. Hakuna anayekulaumu.

Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri tena, na hilo la kula ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukaa kwenye kompyuta.

Tulipomaliza kuomboleza nilifungua tena duka. Wateja hawangoji, yupo wa kuchapa, yupo wa kutoa kopi. Lakini ukifungua akaunti ya Baba kwenye kompyuta, kioo kilikuwa kinaingia giza, kinatulia, kisha kinajizima. Fundi akasema akaunti imeharibika ila mafaili yamo. Akanifungulia mpya kwa jina langu, na kwa wema wake akahamishia humo mipangilio yote ya mzee, ili nisianze kutafuta vitu kama mgeni.

Unakumbuka Baba alikuwa mashoto, na macho yake yalishachoka. Basi kipanya kikawa cha mkono wa kushoto, maandishi makubwa kama ya bango, mshale unatembea polepole kama mtu aliyeshiba. Nilicheka, nikasema nitabadilisha nikipata nafasi. Foleni haikunipa nafasi. Mazoea yana taabu, Kaka. Nikazoea.

Kwanza ulikuwa mkono tu. Nikajikuta nafungua kufuli kwa kushoto, nakata vitunguu kwa kushoto, wala sijikati.

Kisha akaja yule mshonaji jirani yetu, mpenda mizaha tunayemwita Sindano, kuchapisha tangazo lake. Alikaa kanipa mgongo, ananipigia soga huku nachapa. Ghafla akageuka, uso umemsawajika. Akasema vidole vyangu vinagonga kama vya marehemu: haraka haraka, kisha kimya, kisha kitufe kimoja kwa nguvu. Safari hii hakuwa anatania. Aliondoka bila tangazo lake.

Jioni ile nilipanda ngazi, Mama yuko jikoni. Bila kugeuka akasema, "Umechelewa leo, Baba Watoto."

Nilidhani ulimi umeteleza, nikamwambia ni mimi. Akanitazama usoni, ametulia kabisa, akanipakulia kwenye sahani ya Baba. Akala pamoja nami, yeye ambaye tangu msiba alikuwa anagusa tonge na kuliacha. Usidhani akili imemruka. Anakumbuka hata namba ya kiatu chako. Nikasema itapita. Haikupita. Jina langu hajaliita tena.

Nikamrudisha fundi, nikamwomba akaunti nyingine, tupu, isiyo na chembe ya mtu mwingine. Nilimweleza yote, nikijua ataniona nimerukwa. Alinisikiliza, akajikuna kichwa, akasema, "Mimi nilihamisha mipangilio ya mashine tu, dada. Ya mtu sijui kuihamisha."

Akafungua mpya, akafuta ile nyingine, akaniachia kiti. Ilikuwa mchana kweupe, dirisha wazi. Maandishi yalikuwa madogo ya kawaida, yale niliyoyasoma maisha yangu yote. Sikuona hata neno moja. Ukungu mtupu. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Nyuma yangu nikasikia ndala za Mama, na unajua asivyopenda kushuka dukani. Akaweka miwani ya Baba mezani, taratibu, upande wa kushoto.

"Vaa," akasema. "Unajiumiza bure."

Nikavaa. Nikaona vizuri.

Sijamwambia mtu mwingine. Mama anaimba akiosha vyombo, na kila nikifikiria kumnyang'anya furaha hiyo moyo unasita. Lakini asubuhi nikinawa uso sitazami kioo cha bafuni, na jana mteja aliniita mzee, nikamjibu kabla hajajisahihisha.

Tafuta ruhusa kazini uje, hata kwa siku chache. Wewe umenijua tangu nabebwa mgongoni. Ukifika usiingie kwanza. Simama mlangoni uniite kwa jina langu, kwa sauti, nijue kama ni mimi nitakayeitika.

Mfikishie wifi salamu, na watoto wakumbatie kwa niaba yangu. Sindano anakusalimu pia, ingawa siku hizi anapitia ng'ambo ya barabara. Mama naye ameniagiza niandike kwamba wazazi wako wote wawili wanakusalimu.

Mungu akukinge na la kukutisha, akufikishe kwetu salama.

Nduguyo wa tumbo moja, nisiyechoka kukupenda,

Kitinda Mimba