Shavu la Kushoto

Magu, 12 Juni 2025

Mwanangu Alia,

Hujambo, na masomo ya udaktari wa meno hapo Mwanza yanaendaje? Sisi wazima, duka la vitambaa linajikokota. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu dukani hapakosi sikio la jirani.

Mahesh wa duka la misumari na Luhende mkulima wa mpunga, wote walitafuna tumbaku, wote wakapata saratani ya kinywa. Luhende tulimzika. Mahesh bado anagombana na wateja kila asubuhi. Kwa nini? Usiniambie ni mapenzi ya Mungu, hilo nalijua. Niambie Mungu alipitia njia gani.

Mimi tambuu ninayotafuna haina tumbaku. Siku hizi naiweka shavu la kulia, la kushoto limechoka.

Shangazi yako, Shamsha

Mwanza, 19 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima, ingawa barua yako imeninyima raha. Nimemuuliza mwalimu wangu, aliyewatibu wote wawili. Jambo kubwa ni mtu anafika lini hospitali. Mahesh alikuja kidonda kikiwa kidogo, akafanyiwa upasuaji, akamaliza mionzi, akaacha tumbaku. Luhende alisubiri avune kwanza. Alipofika, ugonjwa ulishaingia kwenye tezi za shingo. Wapo wanaowahi na bado tunawapoteza, ila anayewahi ana nafasi kubwa zaidi.

Sasa zamu yangu. Popoo, ile kokwa ya tambuu, inadhuru hata bila tumbaku. Na shavu halichoki, Shangazi. Kuna nini kushoto?

Mwanao, Alia

Mwanza, 30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Hujambo kweli? Hujibu, na simu hupokei. Simama mbele ya kioo, fungua mdomo, uniambie unachoona. Naogopa.

Mwanao, Alia

Magu, 4 Julai

Marahaba mwanangu,

Nisamehe, nilikuwa na uchunguzi wangu. Kuna kidonda kama punje ya mchele, tangu Ramadhani. Nilidhani chokaa ya tambuu imeniunguza, kama ilivyokuwa ikimuunguza mama, ndiyo maana nikahamia upande wa pili.

Nilimwendea Mahesh, nikamwambia afungue mdomo nione kovu. Akacheka, akafungua. Nilipomweleza sababu akafunga duka mchana kweupe, akaenda kunikatia tiketi ya basi la kesho la Mwanza. Sahani yangu ya tambuu ameichukua, anawekea misumari.

Nimejipapasa shingo, sijakuta uvimbe, lakini mikono yangu imezoea vitambaa. Nataka na mwalimu wako anipapase. Kisha nijibu kama ulivyonijibu juu ya Luhende, bila kunificha kitu.

Shangazi yako, Shamsha