Mguu Niliomficha Salma

Jumatatu, 4 Novemba

Nimetia udhu bila kuvua soksi za ngozi. Nimepitisha mkono wenye maji juu yake, basi. Dini inamruhusu mkaazi, asiye safarini, kupaka hivyo kwa mchana mmoja na usiku wake. Mimi sijazivua tangu wiki iliyopita. Hukumu naijua. Nimesali hivyo hivyo.

Chini ya kidole gumba cha kushoto kuna kidonda. Sikioni, nakijua kwa harufu.

Salma ameuliza kama nimeshakwenda kwa daktari wa miguu. Nimesema ndiyo. Nimemdanganya mwanangu huku ananimiminia chai.

Jumatano, 6 Novemba

Hapa Tottenham, London, daktari wa miguu aliye karibu ni Khamis, ana chumba chake mkabala na soko. Kila mtu anamsifu. Ana mikono miepesi, hana haraka. Lakini ni mtoto wa Bi Zuwena, na kwa hiyo simtaki.

Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kumficha. Mimi na Bi Zuwena ndio tunaoosha maiti za kike msikitini kwetu. Mwoshaji hasemi alichokiona, ni amana. Lakini anaona. Moyo wangu umechoka, madaktari hawakunificha, na atakayeniosha ni yeye. Miaka yote wodini niliwagombeza wazee wenye sukari, kama niliyo nayo mimi sasa: tazameni nyayo zenu kila siku, msione haya. Sasa Zuwena anivue soksi akute muuguzi aliyeuacha mguu wake uoze? Bora Khamis asijue, mama yake asijue.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepata mwanamke wa miguu Hounslow, upande wa pili wa jiji. Mbali kabisa. Salma alipokwenda dukani, nimempigia simu mwanamke huyo.

Sikumuuliza kama amesajiliwa. Sikumuuliza kama anatibu vidonda. Mgonjwa yeyote ningemfundisha aanze na hayo. Nilimuuliza kitu kimoja: Waswahili huja kwako? Akasema hajawahi kumwona hata mmoja. Nikafurahi.

Jumanne, 12 Novemba

Hounslow. Treni mbili na ngazi.

Chumba kilinuka rangi ya kucha. Mama yule anakata kucha na kusugua visigino, hana zaidi. Alivuta soksi, ngozi ya mguu ikaja nayo. Akarudi nyuma. Kidole cheusi. Alisema hagusi, niende hospitali leo leo, akataka kuniitia teksi. Nikasema binti yangu yuko njiani. Uongo mwingine.

Nikarudi kwa treni. Msichana aliyekaa pembeni yangu alinyanyuka, akaenda kusimama mlangoni. Viti vilikuwa tele.

Jumatano, 13 Novemba

Homa. Salma aliporudi kazini alisimama ukumbini, akanusa. Kwa kawaida namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Leo hakutumia Kiingereza.

"Mama, uliniambia umekwenda."

"Nimekwenda. Hounslow."

"Hounslow kuna nini?"

 Alipiga magoti akavua soksi mwenyewe. Alilia bila sauti, kichwa chini, ili nisimwone. Aliposhika simu nikamwambia ampigie yeyote, ila si Khamis.

"Khamis yuko hapo chini tu, mama! Hapo chini!"

Ameshampigia. Kesho asubuhi, mtu wa kwanza.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandikia kitandani, wodini. 

Khamis alinipokea kwa "Shikamoo, Bi Nasra," kama tuko harusini. Akavaa glavu. Akauliza tangu lini, nahisi nini nikikanyaga, sukari ikoje. Nilitaka kusema wiki mbili. Nikasema tangu majira ya joto. Salma alikuwa kwenye kiti nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi.

Khamis alipiga simu hospitali, akagombana nao kwa adabu mpaka wakakubali kunipokea leo. Tulipokuwa tunangoja gari nilimwomba asimwambie mama yake. Alinitazama kwa mshangao.

"Bi Nasra, mama hajui hata nani anakuja kwangu kukatwa kucha. Hiyo ndiyo kazi."

Ndiyo kazi. Ilikuwa kazi yangu pia, maisha yangu yote. Sikuwahi kutoa siri ya mgonjwa mlangoni pa wodi. Lakini niliamini kijana huyu atakwenda kuitoa ya kwangu, kwa kuwa ni wetu tu. Angekuwa Mzungu nisingemdhania hivyo. Hili linanitia haya kuliko kidonda.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimerudi nyumbani. Vidole viwili vimekwenda. Mguu wamenibakishia, kwa sasa. Kingeletwa mapema, alisema daktari wa upasuaji, kidonda hiki kingefungwa bendeji tu. Hakusema kwa ubaya. Salma alikuwapo, akasikia.

Nimemwomba radhi. Amesema "it's fine, mama." Si fine.

Jumapili, 1 Desemba

Bi Zuwena amekuja na bakuli la bokoboko, ngano na nyama iliyopondwa. Khamis kweli hakumwambia kitu. Nimemwambia mwenyewe, yote, mpaka Hounslow, mpaka kwa nini. Nikamwonyesha.

Aliinama akautazama.

"Shoga, mimi nilinusa tangu maulidi. Nikasema huyu kaficha papa mkavu jikoni, hataki kunigaia."

Tulicheka mpaka kifua kikaniuma. Kisha akasema aliona haya kuniuliza. Mimi muuguzi, yeye nani.

Tumekaa mpaka magharibi, ambayo siku hizi huingia mapema.  Blanketi lilikuwa limeteremka, mguu uko nje. Nimeuacha.