Sikio kwenye Daraja la Treni

Mjukuu wangu Neema,

Huku Louisville tuko wazima. Shangazi yako amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo Jumapili tukitoka kanisani tunatembea pamoja. Umeiona picha yangu huko kwenu Hilliard, unauliza kwa nini bibi amepiga magoti darajani. Bon, sikuwa nasali.

Daraja lile lilikuwa la treni. Sasa ni bustani juu ya mto, watu wanatembea wakila aiskrimu. Ni zuri kweli. Lakini niliposikia kwamba zamani treni zilipita hapo, miguu ilikataa.

Kule nyumbani Kalemie, nilipokuwa mtoto, tulivukia daraja la reli juu ya mto kwenda sokoni. Mama alipiga magoti kwanza, akaweka sikio kwenye chuma. Akisikia treni, tunangoja. Asiposikia, tunakimbia, macho kwenye miguu.

Basi na mimi nikaweka sikio. Nikasikia watoto wakikimbia, na baiskeli ikipita. Nikainuka, nikavuka polepole, nikasimama katikati kuangalia maji. Mama alivuka daraja lake miaka yote ile, na sidhani kama aliwahi kuuona mto.

Ukija, tutavuka taratibu kwa ajili yake.

Bibi yako