Hotuba ya Mfumaji Bungeni

London, Juni 1843

Dada Tabitha,

Viatu ulivyonichagulia vinanibana, na supu ya huku ni maji matupu.

Jana nilisimama bungeni kutoa hotuba yangu ya kwanza kama mbunge, nikidai mitambo izungushiwe uzio, isije ikala vidole vya wengine kama ilivyokula vyako katika kiwanda ninachokimiliki mimi mwenyewe. Waziri akanitabasamia, huku akimnong'oneza jirani yake. Masikio yangu yaliharibiwa na kelele za mitambo, lakini midomo naisoma kama sisi wafumaji wote: "Mwache abwabwaje, tukale."

Nilipandwa na hasira! Nikaendelea kuchezesha midomo tu, bila sauti. Wakashangilia, "Naam! Naam!" Hakuna aliyegundua.

Wewe ungeshika kila neno, Tabitha. Nilikuwa nakuomba radhi.

Mdogo wako,
Enoch