Baba Anashuka Mlimani

Nyumba za Walimu,
Kang'ata, Handeni.
16 Novemba 2024

Dada Dorkasi mpendwa,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka salama, wewe na shemeji, pamoja na mwanao Clinton ambaye siku hizi ndiye ananiletea habari zenu. Huku Kang'ata sijambo. Mvua za vuli zimenyesha vizuri na watu wako mashambani tangu alfajiri. Na mguu je, unaendeleaje? Najua swali hilo litakuudhi. Uliponieleza kwenye simu kwamba mguu umekulaza kitandani, mimi nilikujibu kuwa ni vizuri sana, tumshukuru Mungu, kisha nikakata. Clinton akaniandikia kwamba ulilia, na kwamba umeapa kutonipigia tena mpaka nitoe pamba masikioni. Nivumilie kidogo dada, jambo hilo nitalifikia. Kwanza nikupe habari za darasani.

Bado nafundisha darasa la kwanza, na unajua ninavyoringia kazi hiyo. Mtoto anaingia Januari hajui a wala e, ikifika Novemba anasoma maandishi ya mifuko ya mbegu, nami natembea kifua mbele kama vile nimemzaa mwenyewe. Mwaka huu, hata hivyo, kuna mmoja amenikosesha raha. Anaitwa Faudhia, binti wa mzee Mhina, mkulima wa hapa jirani na shule.

Katikati ya mwaka Faudhia ndiye aliyekuwa msomaji wangu bora. Akisoma, darasa zima linampigia makofi ya kilo. Kisha meno ya mbele yakang'oka, wenzake wakaanza kumwita kibogoyo, na tangu hapo akisimama kusoma anainua kitabu mpaka kinamfunika uso, yanabaki macho tu. Usomaji wake nao ukaharibika. Kwenye kitabu kuna sentensi inayosema baba anashuka mlimani. Yeye, nilivyomsikia mimi, akasoma kwamba baba anafuka, kama kuni mbichi! Nikamsahihisha. Akarudia, nikasikia vilevile. Nikamsahihisha tena kwa ukali kidogo, na watoto wengine wakawa wanatazamana. Nilidhani wanamwonea huruma mwenzao.

Tulipofika kwenye upimaji wa kusoma wa mwisho wa mwaka, nikaandika kwamba Faudhia hajamudu, akariri darasa la kwanza. Nilijiambia kwamba ni kwa faida yake. Mapengo yamemharibia matamshi, na lugha ya nyumbani nayo imemfunga ulimi, bora abaki nami mwaka mmoja zaidi.

Mzee Mhina akaja shuleni. Hakuja kwa ugomvi. Alivua kofia, akasalimia vizuri, akasema haelewi, maana mtoto huyo huyo nyumbani anamsomea bibi yake kila karatasi inayoingia na maandishi ya ubavuni mwa kila basi linalopita. Nikamweleza habari za mapengo, na za Kizigua. Hapo akacheka, unajua Wazigua kwa utani, akasema kwamba mimi Mshambaa, niliposhuka kutoka Usambara, masikio yangu yaliziba njiani, na mpaka leo hayajazibuka. Nami nikacheka, nikamrudishia utani wake kwamba sisi wa milimani tunasikia mpaka nyasi zikiota. Alipoondoka niliona jinsi alivyoinamisha kichwa. Binti anaomba kila siku kuingia darasa la pili, ameshamwambia mama yake amshonee sare mpya, na sasa baba anarudi kumwambia kwamba atakaa tena na wadogo.

Maneno ya mzee Mhina yakanifuata. Nikamwomba Mwalimu Mwanaidi wa darasa la pili amsikilize mtoto, nikiwa na hakika kwamba ataniunga mkono. Akamsikiliza kitabu kizima, akanijia na kusema kwamba mtoto anasoma bila kosa hata moja. Dada, nilikasirika. Nilimwambia anampendelea Mzigua mwenzake. Namshukuru kwamba hakunijibu kama nilivyostahili. Aliandika ubaoni suka, shuka na fuka, akaniomba nisimame nikitazama ubao, Faudhia akae nyuma yangu asome neno moja moja, nami nilionyeshe kwa chaki.

Nilionyesha kwa kujiamini kabisa. Nilipogeuka, Mwanaidi alikuwa anaangalia chini, na Faudhia amejiziba mdomo kwa mkono. Sikupata hata nusu. Kisha Mwanaidi akamwomba mtoto aje mbele yangu, atoe mkono mdomoni, asome tena. Nikapata yote.

Basi ndiyo hivyo, dada yangu. Mimi sisikii. Sijui ni tangu lini. Sauti nene nazipata, lakini s, sh na f zimenitoka, na muda wote huu nimekuwa nikisoma midomo ya watu bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana watoto wengine niliwasikia, na huyu mmoja aliyeficha mapengo yake nikamwangusha. Simu haina mdomo wa kutazama. Ukinipigia nasikia mvumo tu, na kwa aibu ya kuuliza mara tatu tatu najibu ndiyo, vizuri, tumshukuru Mungu. Nisamehe. Ule mguu sikuusikia kabisa. Nilidhani unanieleza habari za mvua.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza yote na kubadilisha nilichoandika. Faudhia anaingia darasa la pili. Kuhusu mimi, mwalimu mkuu anasubiri daktari atasema nini kabla ya kuamua kama nitaachiwa darasa langu, na naogopa dada, sikufichi. Kazi nyingine siijui.

Mzee Mhina nilimfuata shambani kumwomba radhi. Safari hii hakutania. Ni Faudhia aliyeuliza, akanisogelea kabisa na kufungua mdomo wazi ili nimwone, kama masikio nayo yanaota tena kama meno. Nikamwambia sijui, nitauliza. Meno yake mapya yameshaanza kuchungulia.

Clinton ameniandikia kwamba Jumatatu ijayo unapelekwa hospitali hapo Korogwe kwa ajili ya mguu. Nimepata ruhusa, nitakuja siku hiyo. Wewe utaniegemea bega, nami naomba ukitoka kwa daktari wako tuingie kwa wa masikio, unisikilizie atakachosema, maana sitaki nimjibu naye kwamba ni vizuri, tumshukuru Mungu.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mwalimu Mwanaidi anakusalimu ingawa hamjaonana. Barua hii anakuletea Filemoni, dereva wa lori la mahindi. Mpe chai. Ukinikuta pale hospitali nimekupa mgongo, usiniite, sitageuka, na usidhani ni kiburi. Zunguka uje mbele yangu, nikuone.

Ni mimi mdogo wako,
Stefano