Sikio la Udongo

Jumatano, 5 Februari

Binti yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mikono yako haijababuka kwa sabuni za hiyo hoteli ya ng'ambo. Sisi huku hatujambo. Mimi magoti yanalia kama bawaba kila nikiinuka, na mama yako yuko vilevile: anakula, anasali, ananisema. Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu ameishika mama yako kama pochi, na haya ninayotaka kukuambia si ya masikio yake. Ukimpigia, ongea naye mambo mengine.

Wiki jana nilimtoa matembezi, tukaenda makumbusho. Usicheke. Kile kiwanda cha matofali kilichofungwa, nilikopiga plasta ofisi ya meneja enzi zangu, wamekigeuza makumbusho ya sanaa ya kisasa. Makumbusho yenyewe hayana paa wala kuta. Unaingia langoni unakuta uwanja, matanuri yaliyobomoka, na vitu vimetupwa huku na huku, kila kimoja na kibao chake. Kuna friji limezikwa hadi shingoni. Nikamwuliza mama mlinzi, mwenye filimbi, "Hili limekosa nini?" Akasema, "Mzee, hiyo ni sanaa." Kuna kiti cha miguu arobaini na hakikaliki. Kuna mlango umesimama peke yake katikati ya nyasi. Nikaupigia hodi, mama yako akanivuta shati. Kibao cha langoni kinasema kila kilichomo kimeachiwa jua na mvua, hakifunikwi wala hakitengenezwi, mpaka kiishe chenyewe. Nikasema, kumbe na nyumba yangu ni makumbusho, mbona hawajaniwekea kibao.

Nikaendelea na mizaha yangu hivyo hadi nyuma ya tanuri la tatu. Hapo, mwanangu, nilivua kofia.

Kuna mtu wa udongo. Udongo mbichi, haujachomwa, umechanganywa na majani makavu ukakandikwa juu ya nondo. Ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, viwiko magotini, kama anavyoketi fundi plasta akipumzika mchana. Bega la kushoto limeshuka. Sikio la kushoto limetokeza kama mkono wa kikombe. Binti yangu, ni kaka yako. Sisemi wamefanana. Ni yeye.

Mama yako alipomwona alipiga magoti, akasema, "Mwanangu." Tangu siku hiyo hanipi nafasi. Kila kukicha anataka nimpeleke akamtazame.

Sasa fikiri pamoja nami. Miaka kumi na moja hatujamtia machoni. Yule mwenzake aliyesafiri naye alikuja akasema mto uliwachukua wakivuka, yeye akapona, kaka yako hakuonekana. Nilimtoa uani kwa ufagio, unakumbuka. Maiti haikuonekana, kaburi hakuna, ndiyo maana nikakataa matanga nyumbani kwangu. Na kibao cha sanamu hii kinasema imetengenezwa mwaka jana. Mtu huwezi kumfinyanga hivyo, hadi sikio, bila kumwona. Aliyemtengeneza ni mwanamke wa mji mwingine. Maana yake kuna mahali alimkuta kaka yako ameketi, anapumua.

Mimi niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikuwa nakaa dirishani. Wewe umesoma. Waandikie wakubwa wa makumbusho kwa lugha iliyopigwa pasi. Kwanza, wamwulize huyo mwanamke alimwona wapi. Pili, wamwezekee paa kabla mvua kubwa hazijaanza. Kaka yako hawezi kukaa pale anyeshewe mpaka aishe.

Ni mimi,
Baba yako


Jumatano, 19 Februari

Shikamoo Baba,

Nimeshukuru kusikia magoti yanalia, maana yake bado yanatembea. Mimi sijambo. Kazi ni ileile, mashuka mia mbili kwa siku, na msimamizi wetu bado anakunja uso vizuri kuliko tunavyokunja mashuka.

Barua yako niliisomea stoo, nikatoka macho yamevimba, nikawaambia wenzangu ni sabuni.

Nimewaandikia makumbusho. Wamenijibu kwa adabu. Kuhusu paa wamekataa. Wanasema sanamu hiyo ilitengenezwa iyeyuke, na mvua ndiyo itakayoimalizia kazi. Kuhusu aliyeitengeneza, wamesema watamfikishia barua yangu.

Baba, naogopa kwa ajili ya Mama. Umri wake si wa kumpoteza mtoto mara mbili. Tafadhali usimpeleke tena. Sijamgusia, kama ulivyoomba. Jana tuliongea nusu saa nzima habari za kunguni.

Kula vizuri. Usipande ngazi.

Mwanao,
Kitinda mimba wako


Jumanne, 4 Machi

Binti yangu,

Salamu zikufikie hapo kwenye mvuke wa mashuka. Mama yako mzima. Mimi mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa hasira.

Ati mvua imalizie kazi. Mimi nimekuwa fundi miaka arobaini na miwili, sijasikia mvua ikiitwa saidia fundi. Juzi ilionja kidogo tu, dakika kumi, na tayari shingo ya kaka yako imepata ufa unaoingia ukucha. Sasa nifanye nini, nimwangalie?

Namtengeneza. Kila asubuhi nachimba udongo nje ya uzio, nauchekecha kwa kipande cha chandarua, nauponda na majani, nauingiza ndani kwenye mfuko wa mkate. Mama mwenye filimbi alinikuta Alhamisi.

"Mzee, unafanya nini hapo?"

"Namfuta vumbi."

"Kwa mwiko?"

"Vumbi lenyewe sugu."

"Kibao kinasema havitengenezwi."

"Kusoma sijui."

"Mzee, juzi ulinisomea kibao kizima ukicheka."

"Juzi nilikuwa na miwani."

Akapuliza filimbi, lakini polepole, kama mtu anayeita vifaranga. Kisha akanigeuzia mgongo akatazama kiti cha miguu arobaini muda mrefu sana. Mtu mwema yule. Ana mtoto wake jeshini.

Ni mama yako anayenisukuma, usinilaumu mimi. Anasema mzibe shingo, mnyooshe kidole. Shingo nimeziba. Kidole nimenyoosha. Nimemwekea na lile kovu la kidevuni alilolipata alipoanguka na karai, ambalo huyo mwanamke alilisahau.

Je, amejibu? Akitaja soko tu, akitaja barabara tu, inanitosha. Nitakwenda kwa miguu, magoti yatakuja nyuma. Mwanangu, mbembeleze. Mwambie kuna mzee huku anayehesabu mawingu. Asubuhi nikiona jua nashukuru kama mtu aliyeahirishiwa hukumu, na likijifunika kidogo naiacha chai natoka kutazama mbingu. Sijawahi kumwomba mtu kitu hivi. Nakuomba wewe.

Baba yako


Jumatatu, 17 Machi

Shikamoo Baba,

Naomba ukae chini kabla hujaendelea. Mimi sijambo, na salamu zako nimezipokea.

Nimevunja ahadi. Nimemwuliza Mama.

Anasema makumbusho alikwenda siku moja tu, ile mliyokwenda wote. Hakupiga magoti. Wewe ndiye uliyepiga magoti, Baba. Yeye alikushika mkono akakwambia, "Mzee, huyo si mwanetu, twende nyumbani." Tangu hapo hajarudi huko na hajakutuma kitu. Anajua unakokwenda kila asubuhi, kwa sababu suruali zako anazifua yeye. Alinyamaza kwa kuwa aliogopa ukinyang'anywa hilo utaanguka.

Na mwenye sanamu amejibu. Nakunakilia maneno yake yalivyo: "Mwambie mzazi wako pole sana. Aliyekaa mbele yangu ni mume wangu, fundi bomba, hajawahi kufanya kazi nje ya mji wetu. Bega lile ni lake. Sikio si lake. Udongo ulikauka haraka upande mmoja, ukajikunja, nami nikaona vivuli vyake vizuri nikauacha."

Nimeyasoma mara nyingi nikitafuta mlango wa kutokea, sijauona. Kovu la kidevuni hakulisahau, Baba. Mumewe hana.

Kaka hayupo. Mimi nilijua mwaka uleule. Nimemlilia huku peke yangu, mdomo umezibwa na taulo, kwa sababu nyumbani ulitukataza. Mama amemlilia bafuni miaka kumi na moja na bomba likiwa wazi ili usisikie. Mruhusu sasa aweke matanga. Nakuomba kwa magoti yangu mazima. Hata majirani wachache, hata asubuhi moja.

Nisamehe kwa kukuandikia haya. Angekuwapo mtu mwingine wa kukuambia ningemwachia, lakini hakuna.

Mwanao


Jumatatu, 14 Aprili

Shikamoo Baba,

Wiki nne sijapata hata mstari. Mama anasema unatoka, unarudi, unakula, husemi. Anasema huko mawingu yamekaa kila siku. Niandikie hata matusi, Baba. Hata uniandikie kwamba hutaniandikia.

Mwanao


Jumatatu, 28 Aprili

Binti yangu,

Nipo. Usinisalimie kwanza, nisikilize.

Barua yako ya mwezi uliopita niliichana. Kisha nikaibandika kwa uji wa unga, na vipande vya katikati panya akala, kwa hiyo pale penye sikio sasa pana tundu. Nilikutukana kimoyomoyo. Nikamtukana huyo mwanamke na mumewe wa mabomba. Halafu nikafanya jambo la kijinga kuliko yote tangu nizaliwe, nawe unajua orodha ni ndefu.

Nilinunua saruji. Fundi mzima wa miaka arobaini na miwili, nikapaka saruji juu ya udongo mbichi. Hata aliyeanza kazi leo asubuhi anajua. Udongo unatanuka, unasinyaa, saruji haijui kufuata, maji yanapenya katikati yanaibandua yote. Nilijua. Mkono unapaka, kichwa kinajua.

Alhamisi mchana mvua yenyewe ilishuka. Nilikimbia na turubai. Nasema nilikimbia, wewe sema ulivyozoea kuniona. Mama mwenye filimbi alinikuta nimelishika upande mmoja na upepo unanizungusha nalo, akaja akashika upande wa pili. Akasema, "Mzee, nitafukuzwa kazi." Nikamwambia, "Basi shika vizuri, ufukuzwe kwa jambo la maana." Akashika vizuri. Haikusaidia. Maji yalikuja kutoka chini. Saruji ikabanduka kipande kimoja kikubwa kama ganda la yai, ikaondoka na shavu, na sikio, na kidevu na kovu langu. Ndani palikuwa na majani na nondo mbili zimefungwa waya. Nilitazama vizuri, binti yangu. Nilitia na mkono. Hapakuwa na mtu.

Sijui mama yako aliitwa na nani. Alikuja na mwavuli wa kanisani, akasimama, akaniuliza, "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Akasema, "Basi mlilie." Nikakaa kwenye tope nikalia kwa sauti, mimi niliyemfukuza mleta msiba kwa ufagio.

Pale kwenye tope nilimwambia kitu ambacho hajapata kukijua, na wewe una haki ya kukijua.

Nilikuwa nawaambia kaka yako aliondoka kutafuta kazi. Siyo. Siku ile tulikuwa tunapiga plasta nyumba ya mtu, kila mmoja ukuta wake, na mwenye nyumba alikuja kukagua. Akapita kwenye ukuta wangu kimya, akafika kwenye ukuta wa kaka yako, akaupapasa, akacheka, akasema, "Mzee, huyu mtoto amekushinda." Alipotoka nilichukua mwiko nikaukwangua ukuta wote wa kaka yako, plasta mbichi, kutoka juu hadi chini, nikamwambia umepinda, na asirudi kwangu mpaka ajifunze kunyoosha. Haukuwa umepinda. Sijapata kupiga ukuta ulionyooka vile maishani mwangu. Aliosha vifaa vyake, akavipanga, akaniaga kwa heshima kama kawaida, akaenda. Huko alikokwenda ndiko ulikokuwa ule mto.

Sasa unaelewa. Matanga niliyakataa kwa sababu kulikuwa na jambo nililotakiwa kumwambia, na maiti haisikii.

Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe." Akanifunika mwavuli hadi nyumbani. Tangu hapo hajasema neno jingine na mimi, leo siku ya nne. Chakula ananiwekea, maji ya kuoga ananiwekea. Anayenisema kila siku amenyamaza, na nyumba hii sijui nikae chumba gani.

Matanga ni Jumamosi tarehe kumi na saba Mei. Amepanga yeye, na yule mwenzake wa safari ameitwa. Nitamwomba radhi kwa ule ufagio, akitaka kunipiga nao nitamkabidhi mwenyewe. Mama yako atakupigia kukueleza, lakini nilitaka uyasikie kwangu kwanza.

Najua ruhusa hawatakupa. Basi Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi ya huku, piga mwenyewe hesabu ya saa za huko, weka shuka chini ulie. Usijizibe taulo. Lia mpaka msimamizi wako aje akuulize kuna nini. Mwambie kaka yako amekufa. Mwambie baba amesema.

Baba yako