Mama, Kuhusu Ile Nibu Niliyoisugua

Mama yangu mpendwa,

Utanisamehe mwandiko. Najua ndicho kitu cha kwanza ambacho ungeangalia, kabla hata ya kusoma salamu. Ungeisogeza karatasi karibu na dirisha na kuguna. Guna tu. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, huu ni mwezi wa nne, na leo ndiyo mara ya kwanza naliandika jambo hilo popote. Mke wangu hajui. Minayo, mjukuu wako uliyemwachia jina, hajui pia, na yeye ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu nitakayokueleza mbele nikipata ujasiri. Kesho kutwa nina miadi na daktari kule Kibuli.

Lakini wewe hukupenda barua iliyojaa ugonjwa peke yake, kwa hiyo ngoja kwanza tukumbushane.

Unaikumbuka meza yako Wandegeya, nyuma ya lile duka la chapa? Vita vilikuwa vimekwisha, shule zimefunguliwa, na kila shule, kila kanisa, kila chuo cha ushonaji kilitaka vyeti. Mashine ilichapa maua ya pembeni na maneno yote, ikaacha mstari mmoja mtupu. Mstari huo ulikuwa wako. Uliandika majina ya watu kwa kalamu ya wino tangu asubuhi, Nakato, Okello, Byaruhanga, Wafula, na kila jina ulilitamka kwa sauti ya chini kabla ya kuliandika, ukisema jina lililokosewa kwenye cheti humuuma mwenyewe kila akilitazama. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nakata karatasi hapo hapo dukani, na nilikuonea fahari kuliko nilivyowahi kukuambia.

Ugonjwa huu mwingine, wa kupenda vitu vya zamani, uliniambukiza wewe. Ulinifundisha kuitumbukiza nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu, kwenye chupa ya wino, kuminya ule mfuko wa mpira ndani ya kalamu, kuhesabu hadi tano, kisha kuifuta kwa kitambaa cha pamba na si kwa karatasi. Jumapili baada ya ibada tuliteremka Nakasero kwa Ssalongo, yule baba wa mapacha aliyetengeneza kalamu, saa za kutia ufunguo na pasi za mkaa kando ya soko. Mlibishana kuhusu wino upi mzito na upi unafifia hadi nyanya za mchana zikasahaulika mfukoni. Sijui kama uliwahi kucheka na mtu mwingine jinsi ulivyocheka na Ssalongo juu ya chupa ya wino.

Mke wangu husema ameolewa kwenye nyumba ya makumbusho. Tuna pasi mbili za mkaa, na mimi hunyoa ndevu kwa mashine ya wembe ambayo umri wake unanizidi. Jumamosi tunakutana watu wanne katika mkahawa mmoja Wandegeya, tunatandaza kalamu zetu katikati ya sahani za chapati na mayai, kila mmoja anajaribu ya mwenzake. Mmoja wetu ni polisi mstaafu kutoka Arua, tunamwita Afande. Ana kalamu tisa na hajamwandikia mtu barua hata moja. Anasema anapenda tu kuangalia wino ukikauka. Ungempenda.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka ule mistari yako ilipoanza kuyumba, ulisema nibu imechoka. Ukabadilisha wino. Ukalalamikia karatasi, kwamba siku hizi wanaleta karatasi ya ovyo. Ukailaumu baridi ya asubuhi. Nami, kijana mjuaji, nikaona nikusaidie. Jumapili moja ulipojilaza baada ya chakula, niliichukua kalamu yako, nikatandika msasa laini kabisa juu ya kioo, nikaudondoshea maji, nikaisugua nibu polepole kwa kuchora nane, nane, nane, kama nilivyomwona Ssalongo akifanya. Nikaiosha. Nikairudisha mahali pake nikiwa na furaha ya kijinga.

Jumatatu uliandika jina la kwanza, na mstari ukayumba kuliko siku zote. Ukafunga kalamu. Ukaniuliza kama nimeigusa, nikakiri. Ulinitazama, kisha ukamgeukia mwenye duka ukasema, "Mwanangu ameiharibu nibu yangu. Siwezi tena."

Ni hayo tu. Hukunigombeza, si siku ile wala baadaye. Kalamu ukaifunga kwenye leso, ukaiweka ndani ya mkebe wa kakao, na hukuandika tena jina la mtu. Ukaanza kuuza vitambaa nyumbani. Baadaye, ulipokuwa unashika kikombe kwa mikono miwili, ulisema ni uzee, nami nikaamini ni majonzi ya kukosa kazi yako, na kwamba majonzi hayo nilikuletea mimi. Kisha malaria ikakuchukua, na mkebe ule nikaurithi bila kuufungua.

Mama, nilijifunza kutengeneza kalamu kwa sababu ya mkebe ule. Kila nibu ya mtu niliyoinyoosha, nilikuwa naomba radhi kwako.

Basi mkono wangu ulipoanza, nilifanya kile tunachofanya sisi watu wa kalamu. Nilibadilisha nibu mara tatu. Nilibadilisha wino, nikabadilisha daftari, nikaihamisha hata meza nikidhani sakafu imeinama. Wenye biro wangeshtuka mapema, maana wao hawana cha kulaumu. Jumapili iliyopita Minayo alinioshea kalamu zangu zote, kama nilivyomfundisha. Nikajaribu ile ninayoipenda, mstari ukayumba, na kabla sijafikiri nikamwambia mbele ya mama yake kwamba ameipinda nibu yangu.

"Mimi niliosha tu na maji, baba," alisema. "Nibu sikugusa."

Tangu siku hiyo akipita karibu na meza yangu anazunguka mbali, na chai ananiwekea kwenye stuli ya pembeni.

Alhamisi niliipeleka kalamu kwa Ssalongo. Bado yupo, Mama, meza ile ile, miwani kaifunga kwa uzi. Aliandika jina lake kwa kalamu yangu, mstari ukatoka msafi. Akanipa mimi, nikaandika langu, likatoka likiyumba. Aliangalia karatasi, uso wangu akauacha.

"Karamu iko mzima, ssebo," alisema, bado akiita kalamu karamu na kila mwanamume bwana. Akaifunga, akanirudishia. "Hata ile ya mama yako ilikuwa mzima."

Nilikaa kwenye kibao chake mpaka akanieleza yote. Kwamba juma lile lile ulimpelekea kalamu. Kwamba aliijaribu na kukuta nimeisugua vizuri, vizuri kuliko ilivyokuwa kabla. Kwamba ulimwomba asimwambie mtu, hasa mimi. Ulimwambia kwamba mtoto kuharibu kitu ni jambo la kila nyumba, watu husikitika na kupita, lakini mkono wa mwandishi ukisemekana unatetemeka, watu hawaachi kuutazama. Ssalongo alisema ulikuwa unalia, na kwamba miaka yote hii kila akiniona amekuwa akiona aibu.

Nilikukasirikia. Sitakuficha. Nilirudi nyumbani kwa boda nikigombana nawe njia nzima. Nikaufungua mkebe, nikaiosha kalamu yako siku mbili mfululizo mpaka maji yakatoka meupe, nikaijaza wino, na ndiyo hii ninayoandikia. Inateleza, Mama. Haina kasoro yoyote. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nimefanya kazi nzuri, na hukuniambia.

Halafu hasira ikaniisha kwa njia mbaya, kwa sababu nilikuelewa. Sentensi uliyoisema kwa mwenye duka niliisema mimi kwa Minayo, karibu neno kwa neno, na sikukusudia kumwumiza. Ilitoka haraka kwa kuwa ile nyingine, ya kusema mkono wangu unatetemeka, ilinitisha. Je, nawe ilikuwa hivyo? Ulikuwa unalala? Mimi silali vizuri. Naweka mkono chini ya paja ili mke wangu asiuone. Ningejua, ningekushikia kile kikombe.

Na kuna jambo lingine ambalo nadhani ulilijua kabla yangu. Nikimwambia Minayo ukweli, ataanza kuutazama mkono wake mwenyewe. Ana miaka ishirini, anaandika vizuri kuliko sisi wote wawili, na kuanzia leo kila mstari wake utakaoyumba kwa uchovu tu utamshtua. Labda hiyo ndiyo sababu uliniachia kosa badala ya hofu. Labda uliona kosa ni jepesi. Si jepesi, Mama. Nimelibeba, naujua uzito wake, na hakuna aliyenisaidia kwa kuwa hakuna aliyejua lipo. Hofu angalau tutaibeba wengi, na kesho kutwa nitamwomba anisindikize Kibuli, nisikie maneno ya daktari yeye akiwa kando yangu. Pengine hata si ugonjwa ule wako. Pengine ni ule ule. Natetemeka hata nikiandika hivi, na sijui ni mkono au ni woga.

Nimemwita sasa hivi. Yuko uani anaosha vyombo. Ameitikia, "Naja, baba," kwa sauti ya mtu anayetarajia kugombezwa, na mimi ndiye niliyempa sauti hiyo. Barua sitaikunja. Nitampa aisome yeye kwanza, pamoja na mwandiko wangu huu huu, kwa sababu nikianza kwa mdomo nitatafuta kalamu ya kulaumu.

Nakuaga hapa, Mama, maana amefika mlangoni na mikono yake bado ina maji.

Ni mimi mwanao,
ambaye hakuiharibu.